Huyo mtu wa wastani mi sijawahi kumuona

Kuna dodoso moja la kupima sonona (depression), linaitwa PHQ-9, pengine ushalijaza bila kujua jina lake. Maswali tisa, kila swali unajipa 0 hadi 3 kulingana na jinsi hilo jambo lilivyokusumbua wiki mbili zilizopita, alafu unajumlisha, juu kabisa ni 27 na ukifika 10 ndo watu wanaanza kukuangalia kwa makini. Liko kila mahali, kliniki, kwenye apu za simu, kwenye tafiti zenyewe. Na sio baya kabisa, linamsaidia daktari mwenye foleni ndefu asimpite mtu mwenye sonona hivi hivi.

Ila hebu yasome yale maswali taratibu. La usingizi linauliza kama umekuwa ukikosa usingizi, au unalala kupita kiasi. La chakula linauliza kama hamu ya kula imekata, au unakula mno. Lile la nane ndo kiboko, linauliza kama umekuwa mzito, unaongea na kutembea polepole hadi watu wanaona, au kinyume chake, hutulii, unahangaika huku na kule. Sasa chukua watu wawili. Mmoja usiku kucha macho makavu, chakula hakipiti, anazunguka zunguka chumbani. Mwingine analala mpaka mchana, anakula bila hata njaa, na kuinuka kitandani tu ni kazi ya saa nzima. Wote wawili wanaweza kutoka na 14, wakaandikiwa jina lile lile la ugonjwa, na wakipewa ushauri ule ule wala hakuna atakayeshangaa.

Hapo ndo nimekwama siku hizi. Nimekuwa nasoma tafiti za saikolojia za miaka kama kumi hivi iliyopita zinazouliza hilo swali la watu wasiofanana kubebeshwa jina moja kwa namna tofauti tofauti, na kadri ninavyosoma ndo ninavyozidi kuona kwamba sehemu kubwa ya tunachoambiwa kuhusu afya ya akili kinamhusu mtu wa wastani, na huyo mtu jamani hayupo, hana jina wala hakai popote.

Tuanze na namba ambazo mi zilinishtua. 2015 Eiko Fried na Randolph Nesse walichukua data za STAR*D, ule utafiti mkubwa wa matibabu ya sonona uliofanyika Marekani, wakaangalia wagonjwa 3,703, na hawakuhesabu maksi, walihesabu mchanganyiko wa dalili, yaani huyu ana hizi na hizi, yule ana hizi na zile. Wakapata michanganyiko 1,030. Kwenye hiyo, 501 ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, hakuna mwingine kwenye data nzima aliyefanana naye. Na ule mchanganyiko uliojirudia kuliko yote ulikuwa na 1.8% tu ya wagonjwa, hawafiki hata watu 70. Yaani hata ukitafuta mgonjwa wa kawaida kabisa wa sonona, yule wa kuweka picha kwenye bango, unaambulia kikundi kidogo hivo.

Fried hakuishia hapo, 2017 akachukua madodoso saba yanayotumika sana kupima sonona akayalinganisha dalili kwa dalili. Ukiyaweka pamoja unapata dalili 52 tofauti, na zilizopo kwenye madodoso yote saba ni 12% tu. Kwa hiyo utafiti mmoja ukisema dawa imepunguza sonona na mwingine ukasema haijapunguza, inawezekana kabisa walikuwa wanapima vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Kwenye ugonjwa unaokuja baada ya kiwewe, ule PTSD, mambo ni makubwa zaidi, kuna watafiti walipiga hesabu 2013 wakakuta kwa vigezo vya DSM-5, kile kitabu cha Marekani cha kuainisha magonjwa ya akili, kuna njia 636,120 za kuwa nao. Hii sitaikalia sana maana ni hesabu ya kwenye karatasi, wagonjwa halisi hawajasambaa hivo, ila inakuonyesha mlango wenyewe ulivyo mpana.

Mtu atasema sawa, dalili zinatofautiana ila ndani ya ubongo tatizo ni lile lile. Hata mi nilitegemea hivo. 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash huko Australia walitoa kazi waliyopima ubongo wa wagonjwa 1,294 wenye magonjwa sita tofauti, kuanzia sonona na skizofrenia hadi usonji, na badala ya kuchukua wastani wa kila kundi wakamwangalia mtu mmoja mmoja, wapi ubongo wake umetoka nje ya kiwango kinachotegemewa kwa umri na jinsia yake. Ukichukua sehemu yoyote ile ya ubongo, wenye ugonjwa huo huo waliofanana pale hawakufika hata 7%. Kitamu zaidi ni kwamba walipoangalia mtandao ambao hizo sehemu zimeunganishwa nao, ufanano ulipanda. Yaani huyu kaharibikiwa hapa, yule kaharibikiwa pale, ila nyaya zao zinaelekea jirani. Kwangu hiyo ni habari nzuri mno kwa sababu inaeleza kwa nini watu wasiofanana wanaweza kuumwa kitu kinachofanana bila kulazimisha kwamba wote wana shimo lile lile kichwani.

Sasa twende kwenye jambo ambalo naona ndo mzizi wa yote na watu wengi wanalipita. Kuna tofauti kati ya kulinganisha watu na kumfuatilia mtu. Ellen Hamaker, mtaalamu wa takwimu wa Uholanzi, ana mfano wa kuchapa kwenye kibodi ambao ukishauelewa hautoki tena. Ukikusanya watu mia ukawapima, wanaochapa haraka ndo wanaokosea kidogo, maana ni wazoefu. Ukiishia hapo utatoa ushauri kwamba ukitaka kupunguza makosa chapa haraka! Jaribu uone. Wewe mwenyewe ukiongeza spidi makosa yanaongezeka, kila mtu anajua. Data ya watu wengi inasema hivi, data ya mtu mmoja inasema kinyume kabisa, na zote mbili ni za kweli.

Sasa hamishia hiyo kwenye afya ya akili. Unasoma kichwa cha habari, wanaofanya mazoezi wana sonona kidogo. Hiyo ni kulinganisha watu. Swali lako we ni lingine, mimi huyu, siku nikitoka kukimbia, kesho yake nakuwaje? Ukweli ni kwamba jibu la swali la kwanza halikupi jibu la swali la pili mpaka mtu apime la pili. Peter Molenaar, mtaalamu wa takwimu za saikolojia, alikuwa anapiga hilo kelele tangu 2004, akionyesha kihesabu kwamba matokeo ya kundi yanahamia kwa mtu mmoja kwenye mazingira finyu sana ambayo binadamu karibu kamwe hatuyatimizi. 2018 Aaron Fisher wa Berkeley na wenzake wakaleta data, tafiti sita, wakakuta wastani wa kundi na wastani wa mtu mmoja mmoja vinaweza kukaribiana vizuri tu, ila mtawanyiko ndani ya watu ulikuwa mara mbili hadi nne ya ule unaoonekana kwenye kundi. Kwa lugha ya mtaani, kundi linafanya binadamu tuonekane tumetulia na tunatabirika kuliko tulivyo.

Mfano hai ni ule ugomvi wa mitandao ya kijamii na vijana, ambao kila mzazi ana msimamo wake na haambiliki. 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski walipitia data za vijana zaidi ya 355,000 wakasema matumizi ya teknolojia yanaeleza si zaidi ya 0.4% ya tofauti kwenye ustawi wa vijana. Upande mmoja ukashangilia, mmeona, simu haina shida. Upande mwingine ukakasirika, mbona mwanangu namwona anavyoharibika? Mwaka uliofuata watafiti wa Uholanzi, Ine Beyens na wenzake, wakafanya kitu kidogo lakini cha akili, wakachukua vijana 63 tu wakawauliza maswali kwenye simu mara sita kwa siku kwa wiki nzima, hali yako ikoje sasa hivi, umekuwa mtandaoni kiasi gani. Kisha kila kijana wakampigia hesabu yake peke yake. Kwa kuangalia tu vitu vya wenzao bila kuposti, 44% hawakubadilika chochote, 46% walijisikia vizuri zaidi, na 10% walijisikia vibaya. Kwa hiyo yule mzazi anayesema mwanangu anaumia anaweza kuwa sahihi, na yule anayesema wangu hana shida naye yuko sahihi, wanagombana bure. Ukichanganya wote unapata namba moja ya wastani, na hiyo namba haiwaelezi wengi wao.

Vijana 63 ni wachache, hilo sibishi, na wiki moja ni fupi. Ila swali walilouliza ndo swali lenyewe.

Alafu kuna hili la shuleni ambalo naona halisemwi vya kutosha kwa sababu linawaudhi watu wazuri. Uingereza walifanya jaribio kubwa linaitwa MYRIAD, matokeo yakatoka 2022, wanafunzi zaidi ya 8,000 kwenye shule 85, nusu ya shule zikafundisha umakinifu, ile kukaa ukatulia ukafuatilia pumzi na mawazo yako, nyingine zikaendelea na masomo yao ya kawaida ya malezi na hisia. Matokeo, hakuna faida ya ziada. Na kulikuwa na dalili kwamba wale watoto waliokuwa tayari kwenye hatari ya matatizo ya akili, somo hilo halikuwafaa, pengine liliwaongezea. Ukifikiria kidogo haishangazi. Mtoto ambaye kichwa chake kimejaa mambo ya kuogofya ukimwambia afumbe macho akae nayo, darasani, mbele ya wenzake, bila mtu wa kumshika mkono baadaye, ulitegemea nini? Lucy Foulkes wa Oxford anaenda mbali zaidi, anasema inawezekana kampeni za uelewa zenyewe zinawafanya baadhi ya watu watafsiri huzuni ya kawaida kama ugonjwa na kweli wakazidi kuumwa. Mi sio mpinzani wa kampeni, kuna watu zimewaokoa. Ninachopinga ni dozi moja kwa shule nzima.

Tofauti hizi zinatoka wapi sasa? Hapo sayansi imepigana mieleka na imeanguka mara kadhaa. 2003 ulitoka utafiti maarufu sana wa Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao kwamba jeni moja inayohusika na serotonini inachangia kuamua nani atapata sonona akipitia magumu. Stori tamu, imefundishwa vyuoni miaka na miaka. 2019 Richard Border na wenzake wakachukua jeni 18 zilizokuwa zinasifiwa hivo, wakazipima kwa data za mamia ya maelfu ya watu, zikawa hazina uzito wowote wa kuzidi jeni uliyookota popote. Sonona inarithiwa kwa kiasi fulani, hilo lipo palepale, ila ni maelfu ya vijeni vidogo vidogo kila kimoja kikisukuma kidogo tu, sio swichi moja.

Kilichobaki na nguvu ni hili la watu kuwa na viwango tofauti vya kuhisi mazingira. Michael Pluess na wenzake wanasema watu wamegawanyika kama 30% wanaohisi sana, 40% katikati, 30% ambao mambo hayawagusi haraka. Kinachonivutia ni kwamba wanaohisi sana hawaumii tu zaidi, wanafaidika zaidi pia. Kulikuwa na programu ya kuzuia sonona kwa wasichana wa kama miaka 11 shuleni huko Uingereza, ukichukua wote unaona matokeo ya kawaida kawaida, ukiwagawa kwa usikivu wao unakuta imewasaidia wale wanaohisi sana, wengine wala. Kwa hiyo yule mtoto anayeambiwa kila siku acha kudeka, we unalia lia nini, ndo huyo huyo ambaye ukimpa kitu kizuri kidogo kinashika. Nimewahi kuwa huyo mtoto kwa hiyo hapa sijifanyi sina upande.

Na upande wa pili kuna watu ambao hawavunjiki, nao wanasumbuliwa kivyao. Mwanasaikolojia George Bonanno amekaa miongo na jambo hili, wafiwa, manusura wa ajali na vita. 2018 yeye na wenzake walipitia tafiti 54 wakakuta njia inayojirudia zaidi baada ya janga ni ustahimilivu, karibu 66% ya watu, yaani wanaumia ndiyo lakini wanaendelea kufanya kazi, kula, hata kucheka. Sasa mtu akifiwa akarudi kazini akiwa sawa watu wanaanza kunong'ona, huyu anajikaza, itamlipukia. Kuna wanaochelewa kulipuka kweli, lakini ni wachache, hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Mwache mtu. Kumlazimisha alie kwa ratiba yako nako ni kumtesa.

Ila msije mkadhani dunia imegawanyika kati ya wenye afya na wagonjwa. Ule utafiti wa Dunedin, New Zealand, umewafuatilia watu 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973, tangu watoto hadi leo wana miaka ya hamsini. Walipofika 38 wakahesabu wangapi hawajawahi hata mara moja kufikia kiwango cha ugonjwa wowote wa akili tangu wakiwa na miaka 11. 17%. Wanaobaki wote, wakati mmoja au mwingine, walishapitia. Na hao 17% hawakuwa watoto wa matajiri wala hawakuwa na akili nyingi darasani au miili ya chuma, walikuwa watulivu tangu utotoni, wenye marafiki, na familia isiyo na historia ya matatizo hayo. Yaani asiyewahi kuumwa ndo wa ajabu, na sisi tumekaa tunafichana vidonge.

Kitu kingine kinachonikera ni hao watu wanaopimwa ni kina nani. Kuna hesabu iliyotajwa sana 2010 kwamba 96% ya washiriki kwenye majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi zenye 12% tu ya watu wote duniani. Kwa hiyo huyo mtu wa wastani wala sio wastani wa binadamu, mara nyingi ni wastani wa wanafunzi wa chuo wa nchi chache tajiri.

Sasa kuna watu wakisikia haya yote wanakimbilia kusema ooh kila mtu yuko tofauti kwa hiyo madaktari hawajui kitu, mi naacha dawa zangu. Hapana bana. Ule uchambuzi mkubwa wa Andrea Cipriani wa 2018, majaribio 522 na watu 116,477, ulionyesha dawa zote 21 za sonona walizopima zinashinda kidonge cha uongo kwa watu wazima, kwa wastani. Wastani hautuambii kwamba itakufaa wewe lakini pia hautuambii kwamba haitakufaa, unatuambia ni mahali pazuri pa kuanzia, na isipokufaa ya kwanza sio kwamba wewe ndo umeshindikana. Kwenye STAR*D waliopona kabisa kwa dawa ya kwanza walikuwa kama theluthi, wengine ikabidi wabadilishe au waongeze. Dawa unabadilisha na daktari, sio na blogu yangu. Na ukienda kumuona usimpe jumla ya maksi tu, mwambie ni maswali gani yamekubana, maana usingizi na kujichukia havitibiwi njia moja.

Kuna wanaojaribu kulifanya hili kwa mpangilio. Jaime Delgadillo na wenzake huko Uingereza walichapisha 2022 jaribio la wagonjwa 951, kundi moja likaanza tiba kwa utaratibu uliozoeleka wa kuanza na nyepesi ukishindwa unapandishwa, kundi lingine kompyuta ikaangalia taarifa za mtu ikapendekeza aanze na nyepesi au aende moja kwa moja kwenye nzito. Waliopata nafuu ya kweli ni 52.3% kwenye kundi la kompyuta dhidi ya 45.1% kwenye lile la kawaida. Ni asilimia saba, wala sio muujiza, na hiyo ya kompyuta iligharimu zaidi. Mi nilitegemea pengo kubwa kuliko hapo nikawa mpole.

Ninayoipenda kuliko zote ni ndogo kuliko zote, ina mtu mmoja. Mwanaume mmoja Uholanzi aliyekuwa anapunguza dawa za sonona kidogo kidogo, anajibu maswali kuhusu hali yake hadi mara kumi kwa siku, kwa siku 239, matokeo yalitoka 2016, Marieke Wichers akiwa mmoja wa waandishi. Sonona ilirudi. Ila kabla haijarudi data zilionyesha kitu, hisia zake zilianza kuchelewa kurudi mahali pake, akikwazika asubuhi mkwazo unaburuza mpaka mchana na jioni bado upo, wakati zamani ulikuwa unapita. Hiyo ni ishara ya mtu mmoja, iliyopatikana kwa kumlinganisha na yeye mwenyewe. Waliofuata kujaribu hiyo kwa watu wengi zaidi wamepata matokeo ya kuchanganya, kwa baadhi inaonekana kwa wengine haionekani, ambayo ukifikiria ndo somo lenyewe linajirudia.

Nami nimejaribu toleo langu la kivivu, apu inayoniuliza mara kadhaa kwa siku nikoje, nimelala vipi, nimeongea na nani. Nimepata kitu kimoja cha maana, kwamba usingizi mbaya haunigusi kesho yake, unanigusa siku inayofuata baada ya hapo, hata sijui kwa nini. Lakini kuna mapengo makubwa kwenye chati na nikiyaangalia najua kabisa ni siku gani zile. Siku nikiwa chini kabisa simu ikilia naigeuza kifudifudi. Kwa hiyo chati yangu inasema mwezi uliopita nilikuwa vizuri tu.